Risasi Iliyosimama Hewani

Kila asubuhi Baba alimimina chai, akawasha ile TV ya zamani iliyo juu ya kabati, akangoja kioo kipate moto, kisha akasimama na kikombe mkononi akiwatazama wanajeshi wawili wasiosogea. Yule mwekundu alikuwa amelala kifudifudi chini ya ngazi za mawe. Wa buluu alisimama juu yake, bunduki ameielekeza kwenye jicho kubwa lililo ndani ya pango. Karibu na kichwa cha wa buluu palikuwa na risasi moja nyeupe, imesimama hewani.

Huo ndio wakati ambao Baba aliongea. Tangu tumzike Mama, siku nzima ana maneno machache tu: weka hapo, funga mlango, nimeshiba. Mbele ya picha ile ulimi wake ulilegea. "Huyo risasi amechoka kuliko sisi," alikuwa akisema, nami nacheka kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Halafu alinieleza tena jinsi kaka yangu Weldon alivyoruka lile shimo la steji ya nne, jinsi Weldon alivyokuwa akiuma ulimi akicheza, jinsi Weldon alivyomwita yeye "Koplo" kwenye mchezo na kumpigia kelele apande haraka. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe changu, nikinywa polepole ili chai isiishe. Yake ikiisha, alizima TV na kwenda kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio.

TV tu ndiyo aliyoizima. Mashine yenyewe ya TV game haikuzimwa. Zile za zamani hazina kumbukumbu. Ukizima umepoteza kila kitu, unaanza tena chini ya mlima. Siku Weldon alipoondoka kwenda Qatar, yeye na Baba walikuwa wamefika kwa bosi wa mwisho, lile jicho la pangoni, mahali ambapo hawakuwa wamewahi kufika maishani mwao, na gari la kumchukua lilikuwa nje likipiga honi. Weldon akabonyeza kitufe cha kusimamisha. "Usizime, Baba," akasema. "Nikirudi tunamaliza."

Baba ni fundi. Alichukua betri ya pikipiki, akaiunganisha na mashine, akaweka chaja ya kuijaza, na tangu siku hiyo, hata stima ya mtaa wetu wa Bondeni, Nakuru, ikipotea na kurudi inavyotaka, taa nyekundu ya mashine haikuzimika. Majirani walikuja kuona. Wengine walicheka. Pasta aliuliza kama ni maombi.

Jumatatu moja Baba aliondoka alfajiri kwenda Mau Narok kuvuna viazi kwenye shamba letu. Kwa kawaida akisafiri hunikumbusha mpaka nachoka: Chepkemei, angalia mashine, Chepkemei, usiguse waya. Safari hii alisema tu kwamba kuna maziwa kwenye sufuria. Nilidhani ni baridi iliyomsahaulisha.

Nilimimina chai. Niliwasha TV, nikangoja kioo kipate moto. Kikatoa nukta nyeupe tupu, kama unga unaochekechwa, na ule mlio wa kuudhi masikio. Nilipiga TV kofi ubavuni, vile Baba hupiga. Kisha nikaona taa nyekundu ya mashine haiwaki.

Waya wa betri ulikuwa umetoka, umelala nyuma ya kabati ukiwa umekunjwa. Nilikuwa nimefagia hapo Jumapili jioni. Niliurudisha. Taa ikawaka, na kwenye kioo ukatokea mwanzo wa mchezo, mlima wote mtupu, pamoja na ule muziki wake wa furaha. Sijawahi kuchukia muziki kiasi hicho.

Nilikaa kwenye kochi nikiiona Jumamosi, siku ya Baba kurudi. Nilimwona Baba akirudi, akimimina chai, akiwasha TV. Nikayaona maneno yake yakirudi mahali yanapokaa mchana kutwa, na mara hii yasitoke tena.

Mzee Muiruri huuza viatu vya mitumba karibu na soko, lakini zamani, kabla sijazaliwa, chumba hicho hicho kilikuwa na TV game, na vijana wa Bondeni walipanga foleni mpaka barabarani. Baba alikuwa fundi kijana wakati huo. Alimtengenezea mashine na kulipwa kwa kucheza. Shule ninayofundisha chekechea ilikuwa imefungwa kwa likizo ya Agosti, kwa hiyo nilikuwa na siku nzima mikononi, nami nilienda kwake bila hata kuchana nywele.

"Mzee, mashine imezima."

"Mashine gani?" Alikuwa akipaka kiatu rangi. Akakiweka chini. "Ile?"

"Ile."

"Ũũi. Kipngeno anajua?"

"Baba yuko Mau Narok. Anarudi Jumamosi."

Mjukuu wake Natalie, msichana wa kidato cha pili, alikuwa amekaa juu ya gunia la viatu, macho kwenye simu. "Si mload tu?" akasema. "Kwani hamkusave?"

"Hii haisave, kairĩtu," Mzee Muiruri akamwambia. "Hii ni mashine ya watu wazima. Ukikufa umekufa."

"Ndio maana mlikuwa na stress."

Natalie anapenda michezo ya zamani kuliko mtu yeyote ninayemjua. Yote anayo kwenye simu, na anajua kila njia ya siri, kila ukuta wa uongo. Huo mchezo wetu wa mlimani aliumaliza akingoja ndengu ziive, hivyo ndivyo alivyotuambia. Lakini hakuwa amewahi kushika padi yenyewe ya vitufe. Mzee Muiruri naye alikuwa na vidole vinavyokumbuka, ila macho yameanza kufifia. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu: picha ile niliijua kama ninavyoijua sura yangu.

"Tuirudishe," nikasema. "Tufike pale pale, tusimamishe pale pale."

Mzee Muiruri akafunga kopo la rangi. "Mami, hiyo ni kazi."

"Najua."

"Na kama hatutafika?"

Nilikuwa nimeshageuka kurudi nyumbani. Akachukua kofia yake, akamwambia jirani amwangalizie viatu.

Siku ya kwanza hatukupita steji ya pili. Kaseti ya mchezo ilileta michirizi, na Mzee Muiruri akaichomoa, akaipuliza kwa mashavu yote mawili kama mtu anayewasha jiko.

"Guka! Mate!" Natalie akampigia babu yake kelele. "Hiyo ndiyo inaleta kutu kwa hizo meno zake za chuma. Watu walishathibitisha."

"Watu gani?"

"Wa mtandao."

"Hii pumzi imefufua kaseti nyingi kuliko siku zako za kuzaliwa." Akairudisha, akawasha. Picha ikaja safi. Akamtazama Natalie, na Natalie akaguna, lakini nilimwona akitabasamu.

Mzee Muiruri alichukua padi ya kwanza, ya Weldon. Mimi nilichukua ya pili, ya Baba. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Padi ya pili haina kitufe cha kusimamisha. Wa pili hawezi kuanza wala kusimama. Anamfuata wa kwanza tu.

"Hapo mwisho walikuwa na laifu ngapi?" Natalie akauliza.

"Moja moja. Ya Weldon ilikuwa ya Baba."

"Aje?"

Mzee Muiruri ndiye aliyemweleza. Kwenye mchezo huu ukiishiwa nafasi za kufufuka, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuchukua laifu ya mwenzako. Mwenzako haulizwi. Katika chumba chake zamani vijana walipigana ngumi kwa sababu hiyo, mpaka akaweka sheria kwamba lazima uombe kwa mdomo kwanza.

"Weldon alikuwa anaomba?"

"Hapana," nikasema. "Baba alikuwa anacheka tu."

Kwa hiyo ili hesabu ifanane, Mzee Muiruri ilibidi ajiue kwa makusudi, kisha achukue yangu. Kila alipofanya hivyo alisema "Pole, mami," kwa sauti ya kweli, kama mtu aliyekukanyaga mguu. Nami niliona laifu zangu zikipungua huku sijakosea popote.

Siku ya pili tulifika steji ya nne. Tulikufa kwenye lile shimo, tukafa tena, tukafa mpaka nikaota vidole vikicheza. Natalie alisimama nyuma yetu akituongoza kama kocha wa mpira. "Ruka sasa! Sio wewe, Guka! Sister Chep, lala! Lala, lala, lala. Aah. Mmekufa. Nyinyi ni wazee wote wawili."

"Mimi nina miaka ishirini na nne."

"Ndio hiyo."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka katika chumba kile kwa sababu ya kitu kipya.

Alhamisi mvua ilinyesha na stima ikapotea, na betri ya Baba ikashika kama alivyoipanga, lakini TV ilizima, kwa hiyo tukangoja gizani tukiwa tumesimamisha mchezo kwenye steji ya tano. Natalie alirudi kwenye simu yake. Yuko kwenye kundi moja la watu wa bonde lote, kuanzia Naivasha mpaka Kericho, wanaopenda mashine za zamani. Wanauziana kaseti, wanatumiana video za mtu akimaliza mchezo.

"Sister Chep, kuja uone bosi wa mwisho ili usishtuke," akaniambia. "Huyu msee huwa anaimaliza vizuri sana."

Video ilionyesha kioo cha TV, na chini yake mikono ya wachezaji wawili. Jicho kubwa lilikuwa likipasuka vipande vipande. Nilikuwa nikitazama jicho. Kisha sauti ikasema, "Panda, Koplo! Koplo, panda!"

Niliomba Natalie arudishe nyuma. Akarudisha. Kidole gumba cha mkono uliokuwa mbele hakikuwa na kucha. Weldon alijikata hapo na jembe akiwa darasa la sita. Mimi ndiye niliyekimbia kuleta maji.

"Huyu ni nani?"

"Hawa wanamwita Qatar. Ako na banda ya game Kamere, hapo karibu na wavuvi. Watoto wa watu wa mashamba ya maua ndio customer wake." Alipandisha video zake kwa kidole, moja baada ya nyingine. Zilirudi nyuma mpaka mwaka jana. "Unamjua?"

Kamere iko kando ya ziwa la Naivasha. Ukitoka Nakuru asubuhi, saa nne uko huko na umeshakunywa chai.

Mzee Muiruri alikuwa ameshika padi mkononi bila kuicheza. Alimjua Weldon tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Aliisikia sauti hiyo kama nilivyoisikia.

"Natalie," akasema, "nenda utuletee mandazi."

"Guka, mvua."

"Nenda hivyo hivyo."

Tulipobaki wawili alikohoa. "Sasa, mami. Bado unataka tumalize hii kitu?"

"Ndiyo."

"Ya nini? Mwenyewe anaimaliza kila siku. Tena na watu wengine."

Nilifikiria zile jumbe Weldon alizomtumia Baba. Joto ni kali huku. Mkataba umeongezwa. Niko sawa, mzee, usijali.

"Baba ataumia," nikasema. Ni jibu la haraka, na watu hulikubali.

Mzee Muiruri alilikubali. Stima iliporudi akafuta miwani kwa shati lake, akashika padi, nasi tukaendelea. Natalie alirudi akiwa amelowa, mandazi yakiwa ndani ya sweta, na hakuuliza kitu. Ni mtoto mwerevu.

Ijumaa alasiri tuliingia pangoni. Kila mmoja laifu moja. Mzee Muiruri alilala chini ya ngazi za mawe. Mimi nilipanda, nikasimama juu yake, nikainua bunduki. Vidole vyangu vilikuwa na jasho. Jicho lilianza kutema risasi zake nyeupe, na Natalie akapiga magoti karibu kabisa na kioo.

"Hapana. Hapana, hiyo iko chini. Sister, usisogee. Guka, kaa tayari. Hapana. Hapana... Sasa!"

Mzee Muiruri akabonyeza. Kila kitu kikasimama.

Nilienda mlangoni, mahali ninaposimama kila asubuhi, nikageuka. Mwekundu kifudifudi. Wa buluu juu yake. Risasi karibu na kichwa. Ni mimi peke yangu ambaye ningeweza kusema kwamba hakuna tofauti, nami nikasema, na Mzee Muiruri akaketi chini kwenye sakafu na kuvinyoosha vidole vyake kimoja kimoja.

"Kipngeno asijue," akasema. "Mimi nitakufa na hii."

"Guka, huna hata laifu ya ziada," Natalie akamwambia.

Baba alirudi Jumamosi mchana na gunia la viazi, gambuti zikiwa na matope mekundu ya Mau Narok. Nilimpokea gunia. Nikaweka chai. Alivua gambuti mlangoni, akaingia na soksi zake, na akasimama ghafla katikati ya chumba.

Hakuwa ameangalia TV. Alikuwa akiangalia ile taa nyekundu ya mashine.

"Nani amewasha hii kitu?"

"Haikuzima, Baba."

Alinitazama. Kisha akawasha TV na kungoja kioo kipate moto. Picha ilipokuja alisogea karibu, karibu sana, mpaka uso wake ukawa na rangi ya buluu. Nilimngoja aseme kuhusu risasi iliyochoka. Nilikuwa nimeshika kikombe changu tayari.

"Hata risasi umeiweka," akasema.

Aliketi kwenye kochi. Akaanza kubandua matope yaliyokauka kwenye pindo la suruali yake, akiyaweka kwenye kiganja ili yasichafue sakafu.

"Ule waya niliutoa mimi," akasema. "Jumatatu, kabla sijatoka. Niliutoa, nikaukunja."

Nikaukumbuka, umelala nyuma ya kabati, umekunjwa mara mbili na kupitishwa katikati, vile Baba hukunja kila waya wa nyumba hii. Ufagio haukunji waya.

"Pasaka nilienda Kamere," akaendelea. "Spika za kanisa moja zilikuwa zimeharibika. Nikiwa juu ya ngazi nasikia mtu anaita, Koplo, panda. Nikageuka, Chepkemei. Niligeuka mimi mwenyewe nikijua naitwa." Alikitazama kiganja chake kilichojaa matope. "Alikuwa anamwambia mtu mwingine. Nikachungulia dirishani, nikamwona. Amenenepa. Nikamaliza spika, nikarudi nyumbani."

"Hukumwita?"

"Ningemwambia nini? Sijui kama alienda huko Qatar akarudi, au hakuenda kabisa. Nilisema wacha nimpe nafasi. Atakuja mwenyewe. Nikaacha mashine iwake." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Jumapili akanipigia simu. Ananiambia Qatar kuna joto. Na nyuma yake namsikia makanga wa matatu anaita Naivasha, Naivasha, mmoja amebaki."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akigonga sufuria. Chai ilichemka ikamwagika, na hakuna aliyeinuka.

"Wewe ulijua?" akaniuliza.

"Nimejua Alhamisi."

"Alhamisi." Akafikiri. "Na hiyo picha mmeifikisha lini?"

"Jana."

"Basi kwa nini umejisumbua?" Kwa mara ya kwanza aliniangalia kama mtu aliyekasirika. "Ulishajua mwenye mchezo hana haja nao. Unaniwekea nini hapa? Mimi ni mtoto wa chekechea unibembeleze?"

Alitupa matope dirishani, akapangusa mikono, akainuka. Akakwenda kwenye kabati na kuweka kidole gumba chake juu ya swichi ya mashine.

Nilikuwa na jibu lile la haraka, liko tayari mdomoni. Nilijua angelikubali. Angezima, na kesho asubuhi angekunywa chai akiwa amesimama jikoni, na angeniambia niweke hapo, nifunge mlango, ameshiba, na tungezeeka hivyo.

"Usizime," nikasema. Ilitoka kubwa, sauti yangu ya darasani, ambayo Baba hajawahi kuisikia. Kidole chake kikabaki pale pale. "Sikuirudisha kwa sababu ya Weldon. Weldon akae Kamere. Niliirudisha kwa sababu ukisimama hapo asubuhi ndio saa pekee unaongea na mimi, Baba. Hata kama ni yeye tu unaongea juu yake."